Mbungo Hauna Hati

Na Mwanahamisi Juma Haji

Anayekunywa juisi ya bungo katika mkahawa wa Mji Mkongwe anakunywa kitu ambacho hakuna mkulima aliyekipanda. Mbungo ni mmea wa mwituni. Huota wenyewe katika misitu ya maweni, ule ukanda wa mawe ya matumbawe ulioshika mashariki na kusini ya kisiwa chetu cha Unguja, hutambaa juu ya miti mingine mpaka kileleni, kisha huning'iniza mabungo yake ya rangi ya chungwa kwa anayejua njia ya kuyafikia. Wanaoijua njia hiyo ni watu wa vijijini, wanawake na watoto zaidi, ambao huingia kokoni msimu ukifika na kutoka na vikapu. Mengine huliwa papo hapo. Yaliyobaki hupakiwa kwenye gari za shamba mpaka Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na huko hupangwa mafungu mafungu pembeni ya maembe na mananasi.

Kazi ya juisi yenyewe si ndogo. Ganda gumu hupasuliwa, nyama na kokwa zake hutiwa maji, hufikichwa kwa mkono mpaka kokwa ziachane na nyama, ndipo huchujwa na kutiwa sukari. Hakuna juisi nyingine yenye ukali na harufu ile. Mezani wakati wa futari, ukinipa embe na bungo, mkono wangu unajua pa kwenda.

Ninachotaka kukisema wiki hii ni kwamba tunda hili halina mtetezi, na sababu ni jinsi tunavyohesabu mali. Zanzibar ardhi ni ya umma tangu amri ya mwaka 1965 iliyokuja baada ya Mapinduzi, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaweka utaratibu wa haki za kuitumia. Miti, hata hivyo, ina wenyewe. Kila mtu wa shamba anajua kwamba mnazi unaweza kuwa wa fulani hali kiwanja unaposimama si chake. Kwa hiyo kiwanja kikipimwa kwa ajili ya nyumba au hoteli, minazi huulizwa ni ya nani, na miembe pia, na mikarafuu. Mbungo hauulizwi ni wa nani. Haukupandwa, basi hauna wa kulipwa, na usio na wa kulipwa hauingii kwenye daftari. Msitu uliolisha kijiji kizima huandikwa kuwa ni pori, na pori husafishwa.

Sina ugomvi na nyumba. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773, na watu lazima walale mahali. Lakini mbungo hausimami peke yake. Unaishi kwa kuegemea miti, na mti ukikatwa kwa kuni, makaa au kuchomea chokaa, mbungo nao huanguka na mti huo. Huwezi kuuhifadhi kwa kuacha shina moja mbele ya geti la hoteli kama pambo. Unahitaji msitu. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004 ni neema, na nafurahi kwamba kima punju wetu wana pa kukaa. Nje ya mipaka yake, lakini, ndiko wengi walikozoea kuchuma, na ndiko mashine zinakofyeka.

Mabungo angalau yana soko. Mboga za mwitu zina hali mbaya zaidi, kwa sababu tumeanza kuzionea haya. Mchunga hujiotea mvua zikinyesha, mashambani na hata uani. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa ili uchungu upungue, kisha huungwa kwa tui zito la nazi, na ukiula kwa wali au ugali utajua kwa nini bibi zetu hawakuusubiri mchicha wa kununua. Mnavu ni hivyo hivyo. Leo mgeni akija nyumbani mboga hizi hufichwa jikoni, tukamtilia kabichi iliyovuka bahari. Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kulisema kwa upole.

Wazee wetu walizijua mboga na mizizi hii kwa sababu meli hazikufika siku zote. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Unguja ikarudi kwenye muhogo na mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kilikuwa cha mgao, na wengi waliokuwa watoto wakati ule bado wapo, wanaweza kutuhadithia. Waulizeni habari za uwanga. Ule mmea wenye jani lililopasukapasuka una kiazi kichungu ambacho hakiliwi hivi hivi: hukunwa, huoshwa kwa maji mengi tena na tena, hutuamishwa, na unga mweupe ulioshuka chini huanikwa ukapikwa uji. Viazi vikuu vya mwituni navyo vingine vina sumu mpaka vikatwe vipande na kurowekwa kwa siku kadhaa. Ujuzi wa namna hii haukisiwi. Aliyefundishwa anakula, na anayebahatisha anaweza kuzikwa.

Na hata leo sehemu kubwa ya mchele tunaoula huletwa kwa meli.

Kuna na elimu ya kuchachusha. Mnazi si wa mwituni, lakini chachu inayoingia kwenye tembo hainunuliwi dukani. Inatoka hewani na kwenye kibuyu cha mgema. Tembo la alfajiri, likiwa bado tamu, ndilo lililoumua vitumbua na mkate wa kumimina kabla ya hamira ya paketi, na waliokula mkate ule watakwambia ladha yake haijarudi. Likiachwa siku nyingi huwa siki nzuri ya achari. Lililo katikati, lile la kulewesha, lina hukumu yake na Waislamu tunaijua, silitetei. Ninachosikitikia ni kwamba kwa kuogopa kulitaja hilo moja tumeyasahau na mawili ya halali. Nimewauliza vijana wapishi, hodari kabisa, kama wamewahi kuumua unga kwa tembo tamu. Wengi hawajasikia kwamba linawezekana.

Wenzetu wa mbali wanaona tunachokidharau. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa huko kama chakula kipya. Kipya kwao! Sisi ubuyu wetu, uliotiwa sukari, rangi, iliki na pilipili, tumeununua kwenye milango ya skuli tangu utotoni. Naogopa kwamba bungo nalo litaheshimika siku litakaporudi kwetu ndani ya chupa yenye lebo ya nchi nyingine.

Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iko Kizimbani, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wanaotafuta mada za kuandikia kila mwaka. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha hapa hapa kitabu kizima cha mimea yenye manufaa ya Unguja na Pemba. Kazi hiyo inahitaji kufanywa upya, kwa Kiswahili, na bibi wa Makunduchi na Charawe wakitajwa kuwa ndio walimu wenyewe. Na kila tathmini ya mazingira ya mradi iwe na swali moja rahisi kwa wanakijiji: hapa mnachuma nini? Jibu liandikwe, na liwe na thamani ya pesa.

Idara ya Misitu, ambayo kila masika hugawa miche, naiomba ioteshe na mbungo, uende kwenye misitu ya jamii ambako kuna miti ya kuuegemeza. Nawe msomaji, msimu ukifika, nunua fungu lako kwa mama aliyelileta kutoka shamba, na usipunguze bei.