Tujenge nyumba tutakazozeekea

Kiangazi kikiingia mwezi wa Juni, milima ya kusini mwa Burundi hujaa milio ya sururu. Ndugu zetu waliorejea wanachimba misingi, na wafanyabiashara wa Mugina na Manyovu wanapitisha mabati, misumari na mabomba. Ni jambo la kutia moyo, kwani mtu aliyeishi ukimbizini anajua maana ya kulala chini ya paa lake mwenyewe. Pamoja na furaha hiyo, kuna swali ambalo wengi wetu hatujiulizi: je, nyumba hizi tunamjengea nani?

Tukiziangalia vizuri tutaona kwamba tunamjengea kijana. Anayejenga ana miaka thelathini na mitano, anabeba mfuko wa saruji begani na kuruka mtaro. Mlango anaupima kwa mwili wake, ngazi anazipima kwa magoti yake, na choo anakichimba mwisho wa kiwanja, kule bondeni, kwa sababu kwake hatua arobaini si kitu. Nyumba hiyo atakaa nayo miaka thelathini au zaidi. Magoti hayatakaa hivyo hivyo.

Wazee wanaotutangulia wanatuonyesha. Aliyekimbia mwaka 1972 akiwa na miaka ishirini, leo amepita sabini. Mimi nilizaliwa Mishamo, nikasoma huko shule ya msingi kwa Kiswahili, nikarejea na wazazi mwaka 2009. Wasomaji waliotoka Mishamo, Katumba na Ulyankulu wanakumbuka jinsi tulivyotakiwa kuchagua: watu wapatao 162,000 waliomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 wakarudi nyumbani. Uchaguzi huo ulipita katikati ya familia. Mara nyingi vijana walibaki kwenye mashamba na biashara zao, baba na mama wakarudi kwenye mlima wao. Ndiyo maana tunao wazee wengi ambao usiku hawana mtoto wa kuwashika mkono. Kitakachowashika ni nyumba yenyewe, kama ilijengwa hivyo.

Hili si suala la starehe. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mtaani kwetu bibi mmoja alivunjika nyonga akienda chooni usiku wa mvua. Hakuanguka mlimani wala kisimani, alianguka kwenye ngazi tatu za udongo ambazo alikuwa akizishuka kila siku. Hakusimama tena kwa miguu yake.

Basi tuanze na choo, maana hapo ndipo penye taabu kubwa na ndipo tunapoona haya kupazungumza. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa. Akichuchumaa, hawezi kuinuka. Dawa yake ni rahisi. Fundi ajenge juu ya tundu kiti cha matofali chenye kimo cha sentimita 45 hivi, akisakafie vizuri kwa saruji ili kisafishike, na ukutani achimbie bomba la chuma la kushikilia. Asiyeweza kujenga hata hicho, seremala amtobolee kiti cha mbao. Kuhusu umbali, watu hukipeleka choo mbali kwa sababu ya harufu na nzi. Lakini tangu miaka ya 1970 kuna choo chenye bomba refu la hewa lililofungwa wavu juu, kilichobuniwa katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Bomba hilo hutoa harufu na kunasa nzi. Kinachotakiwa kukaa mbali na choo ni kisima, angalau mita 30. Nyumba inaweza kukisogelea, na njia iwe tambarare, yenye kamba au fito ya kushika na taa ndogo ya sola.

Kisha mlango. Milango mingi ya vyumba vyetu ina sentimita 70, na ya choo ni myembamba kuliko hapo. Mtu anayekokotwa na mwenzake hapiti, sembuse kiti cha magurudumu. Sentimita 90 zinatosha. Vizingiti tunavyoviinua kuzuia maji ya mvua navyo ni mitego. Maji yazuiwe na paa lililotokeza na mtaro wa nje.

Hapa wenzetu wa Gatumba na Rumonge watauliza, na wana haki kuuliza. Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2021 na tena 2024, walijifunza kuinua misingi. Nyumba ikiinuliwa, ngazi haziepukiki! Ni kweli, ila kando ya ngazi panaweza kuwekwa mteremko wa mawe na udongo ulioshindiliwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ihitaji sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Sakafu iliyoinuka sentimita 30 inadai mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Kiwanja kikiwa kifinyu, mteremko uzunguke pembe ya nyumba.

Nilipomweleza fundi wangu mambo haya alicheka. "Mwalimu, unajenga hospitali?" Nikamwomba apige hesabu. Mlango mpana unapunguza matofali, unaongeza ubao kidogo. Kuja kuubomoa ukuta na kuhamisha linta miaka ishirini baadaye, hiyo ndiyo gharama. Alinyamaza, akaongeza sentimita ishirini.

Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, jambo hili linawahusu mara mbili. Kwanza ni mizigo mnayoleta. Marumaru zinazong'aa zinapendwa sana, na zikilowa ni kama zimepakwa sabuni. Leteni zenye mikwaruzo, na mwambieni mteja kwa nini. Vishikio vya bafuni navyo havionekani madukani kwetu, ingawa bomba lolote la inchi moja na nusu lililokatwa na kuchomelewa vizuri linafanya kazi hiyo.

Pili ni miili yenu. Mama anayevusha ndoo za mawese kichwani tangu usichana hana pensheni ya serikali. Akiba yake yote inaingia kwenye nyumba. Nyumba hiyo ikimshinda akiwa na miaka 65, ataiacha ahamie chumba cha nyuma kwa mkwe, au akodishe kwake mwenyewe ili apate pa kukaa kwingine. Nimeona yote mawili.

Viongozi wa tarafa na mashirika yanayowajengea nyumba wasiojiweza wasiseme kwamba ramani ni moja kwa wote. Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na nyumba ya msaada inayopewa mjane wa miaka sabini huku mlango wake una kizingiti cha kufika gotini haiendani na saini hiyo. Ramani ibadilishwe kabla misingi ya Juni ijayo haijachimbwa, na wazee waulizwe wakiwa wamesimama pale pale kwenye kiwanja, na fimbo zao mkononi.