Michezo ya video: nani anaamua ipi ni klasiki? Hesabu ya Epulu si ile ya London

Mwezi wa nne 2025, BAFTA, shirika la Uingereza linalotoa tuzo za sinema, televisheni na michezo ya video, liliuliza watu swali moja: ni mchezo gani wa video umeleta mabadiliko makubwa kuliko yote? Wa kwanza ukawa Shenmue, mchezo wa Kijapani wa 1999. Nyuma yake wakafuata Doom na Super Mario Bros. Mwezi uliofuata, makumbusho ya The Strong kule Rochester, Marekani, ikaingiza michezo mingine minne katika Jumba lake la Heshima: Defender, GoldenEye 007, Quake na Tamagotchi.

Sasa peleka orodha hizo mbili katika chumba cha PlayStation cha Mambasa, Bunia ao Beni. Shenmue ulitoka kwa Dreamcast, mashine ambayo Sega iliacha kutengeneza 2001. Kupata kijana wa hapa aliyeushika ni kazi. Lakini taja PES, taja Adriano wa Inter na lile shuti lake la mguu wa kushoto, na hata mtu mwenye miaka 35 na watoto wawili ataanza kusimulia.

Ndiyo maana mjadala huu unatuhusu. Dunia inabishana ni michezo gani ya kisasa itahesabiwa kuwa klasiki, na wenye kubishana wanaongea kama vile kila mtu ana umeme, intaneti na kadi ya benki.

Klasiki si zilipendwa

Kuko maneno mawili ambayo watu wanachanganya. Zilipendwa ni vitu ambavyo watu walivipenda wakati wao, na leo wanavikumbuka kwa huzuni kidogo. Klasiki ni kitu ambacho hata aliyezaliwa nyuma anakitafuta mwenyewe, bila kulazimishwa na baba yake. Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé ilitoka 1960. Mtoto aliyezaliwa 2010 hakuona uhuru ukija, lakini wimbo ukipigwa kwenye sikukuu anaucheza. Hakuna aliyempa orodha.

Kwa hiyo mauzo peke yake hayatoshi, na sifa za waandishi wa habari hazitoshi. Katika kura ile ya BAFTA, Kingdom Come: Deliverance II ulipata nafasi kwenye orodha ya juu. Mchezo huo ulikuwa umetoka mwezi wa pili 2025, miezi miwili tu kabla ya kura. Inawezekana ni mchezo mzuri sana. Lakini kitu cha miezi miwili hakijapita mkono wowote. Hakijaonja kuachwa na kutafutwa tena.

Mizani ya Rochester

The Strong wana mizani yenye vipimo vinne: mchezo ujulikane sana, udumu miaka mingi, uvuke mipaka ya nchi, na uwe umebadilisha michezo mingine ao maisha ya watu. Ni vipimo vya haki. Shida inakuja wakati wa kupima.

Mwaka 2018 waliingiza John Madden Football, mchezo wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Mpira huo nje ya Marekani unachezwa na watu wachache. FIFA, mchezo wa mpira wa miguu ulioanza 1993, ulifika mara kadhaa katika orodha ya mwisho ya kuchaguliwa, lakini hadi 2025 ulikuwa bado mlangoni. PES ya kampuni ya Konami hata haitajwi. Tukichukua kipimo cha tatu, kile cha kuvuka mipaka, ni vigumu kueleza namna Madden alipita mbele. Maelezo rahisi ni kwamba mtu anapima kwa kile alichokua nacho nyumbani.

Hilo si kosa la Wamarekani peke yao. Sisi pia tungefanya vilevile. Lakini inaonyesha kwamba kila orodha ya klasiki ni orodha ya watu fulani, hata ikiandikwa jina la dunia nzima.

Kwa nini PS2 ilibaki

PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa tatu 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155, na hakuna mashine ya michezo iliyouzwa kuliko hiyo. Sony ilisimamisha kuitengeneza mwanzo wa 2013. Katika nchi tajiri hapo ndipo hadithi ilikwisha. Kwetu hapo ndipo ilikuwa imekolea.

Sababu zake si za mapenzi tu. Ile PS2 nyembamba inatumia chini ya wati 50. PS5 ikichezwa inaweza kufika wati 200. Kwa mtu anayewasha jenereta ndogo kwa esansi ya kununua kwa chupa, ao anayetegemea panneau ya jua na betri moja, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama chumba kitafunguliwa jioni ao hapana. PS2 haiombi intaneti. Haiombi mega. Diski inaingia, mchezo unaanza. Watu wawili wanakaa benchi moja na maneti mbili, anayefungwa anamwachia mwingine.

PES 6 ya 2006 ilikuwa na kasoro zake. Haikuwa na haki ya majina ya timu nyingi za Uingereza, hivi Chelsea ikaitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Hakuna aliyejali. Kila mtu alijua nani ni nani. Na pale Konami ilipoacha kuhudumia mchezo huo, wapenzi wenyewe waliendelea: kule Brazil, tangu 2007, toleo linaloitwa Bomba Patch limekuwa likibadilisha wachezaji na jezi za mchezo ule wa zamani kila msimu. Diski za namna hiyo zilizunguka Afrika nzima. Mwenye mashine ya zamani akapata wachezaji wa mwaka huu.

Baadaye simu ikachukua nafasi. Tangu 2012 kuko programu ya PPSSPP, inayofanya simu ya Android icheze michezo ya PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony. Mchezo unahamishwa kutoka simu hadi simu, ao kwa flashi, bila kutumia faranga hata moja ya mega. Kijana anapata PES ya kaka yake, kaka aliipata kwa rafiki aliyeshuka na lori kutoka Kisangani ao Beni. Hivyo ndivyo klasiki inavyotembea katika barabara ya taifa namba 4.

Ya kisasa: ipi itapita mtihani?

Wenye kubishana Ulaya na Marekani wanataja Elden Ring wa 2022, na Baldur's Gate 3, uliotengenezwa na Larian ya Ubelgiji na kushinda mchezo bora wa mwaka 2023. Kazi ni kubwa, hakuna ubishi. Lakini Baldur's Gate 3 unaomba nafasi ya gigabaiti 150 ndani ya kompyuta. Kwa mega za hapa, mtu angemaliza faranga za mwaka kabla ya kuona picha ya kwanza. Mchezo huo unaweza kuwa klasiki, lakini itakuwa klasiki ya wenye nyaya.

Kuko jambo zito zaidi. Michezo mingi ya leo haikai kwako hata ukiilipia. The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft, ulitoka 2014. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2024 kampuni ilizima seva, na waliokuwa wameununua hawakuweza tena kuufungua, hata kucheza peke yao. Hasira hiyo ilizaa kampeni inayoitwa Stop Killing Games, na mwezi wa saba 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja. Kumbe Mzungu mwenye intaneti ya kasi naye amegundua kile ambacho mtu wa Epulu alikijua zamani: kitu kinachotegemea waya wa mwingine si chako.

Kwa kipimo hicho, eFootball, ule uliochukua nafasi ya PES 2021, iko mashakani. Free Fire pia, ingawa vijana wengi wanaupenda. Siku seva zikizimwa hakuna cha kumwachia mdogo wako. Minecraft, uliokamilika 2011 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 300, una nafasi nzuri: unachezwa kwenye simu, na mtu anaweza kujenga dunia yake bila intaneti. Stardew Valley wa 2016, mchezo wa kulima shamba uliotengenezwa na mtu mmoja, nao ni mwepesi na hauombi mtandao kila wakati. Na Grand Theft Auto: San Andreas wa 2004, pamoja na matusi na risasi zake, umeshapita mtihani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Deni la msitu

Epulu ina haki nyingine ya kuongea katika mjadala huu, na si haki ya mchezaji tu. Ndani ya kila mashine kuko vipande vidogo vinavyotunza na kutuliza mkondo wa umeme. Baadhi vinatengenezwa na tantali, na tantali inatoka katika koltani.

Epulu iko ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoundwa 1992 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO 1996. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya vita, ikawekwa kati ya zile zilizo hatarini. Mwaka 2000, mwaka ule PS2 ilitoka, bei ya tantali iliruka sana katika soko la dunia. Watu wakaingia misituni Kivu na Ituri, hata ndani ya hifadhi hii, kutafuta koltani. Wanyama wakawindwa kulisha machimbo. Mwezi wa nne 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likatoa ripoti juu ya unyonyaji wa mali ya Kongo, na koltani ilikuwa ndani. Bei ikaanguka mwaka huo huo, lakini mashimo yalibaki.

Kusema kwamba PlayStation peke yake ndiyo ilileta balaa ni kuongeza chumvi. Simu na kompyuta zilihitaji madini yale yale, na wafanyabiashara waliokuwa wanalimbikiza walisukuma bei. Lakini mashine iliyouzwa kuliko zote ilikuja katika mwaka ule, na jiwe la kwetu lilikuwa katika safari hiyo. Jiwe liliondoka kwa mgongo wa mchimbaji, likarudi miaka kadhaa nyuma likiwa mashine iliyokwisha tumika ng'ambo. Wanaoandika historia ya michezo ya video wanataja waandishi wa programu, wachoraji na wapiga muziki. Mchimbaji na msitu hawatajwi.

Wasiokubali wana hoja

Kuko wazazi wenye kusema: klasiki gani? Mtoto anapewa faranga za kununua daftari, zinaishia kwenye maneti. Wengine wanaweka dau la pesa kwa kila mechi, na masomo ya saa sita hayaonekani. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mchezo kudumu si ushahidi kwamba hauna madhara, na mwenye chumba anayepokea watoto saa za masomo hawezi kujificha nyuma ya neno utamaduni.

Kuko pia wenye kusema diski zetu nyingi zilikuwa za kunakili, kwa hiyo ni wizi tu. Kisheria wana haki. Lakini utafiti uliotolewa 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena madukani. Kama wenye mali wenyewe hawaiuzi, nakala ndizo zinazoitunza. Sheria na kumbukumbu hapo zinavutana, na bado hakuna aliyepata jibu safi.

Kinachoweza kupotea

Afrika imeanza kutengeneza ya kwake. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwezi wa nne 2016, mchezo unaochota katika hadithi za Kiafrika. Kama utakuwa klasiki ao hapana, itategemea kama kijana wa Ituri anaweza kuupata, kuushika na kumpa mwenzake.

Kwa sasa, kilichopo kinachakaa. Jicho la kusoma diski linachoka, diski zinakwaruzika, na mafundi waliojua kufungua PS2 wamehamia kwenye simu. Hakuna aliyeandika ni lini mashine ya kwanza ilifika Mambasa, bei ya mechi moja ilikuwa faranga ngapi wakati ule, ao ni nani alikuwa hafungiki. Wanaojua hayo bado ni vijana, wanaendesha pikipiki, wanalima, wengine wako machimboni. Wakiulizwa leo watasema. Wasipoulizwa, miaka 20 ijayo orodha itasomwa kutoka Rochester, na watoto wa barabara hii wataamini kwamba baba zao hawakucheza kitu.