Mlenda siyo kichekesho (sehemu ya 3)
Wewe uliyehamia Dodoma serikali ilipoanza kuhamia huku 2016, bado unaubinulia mdomo mlenda? Unauita "makamasi" mbele ya mama aliyekupikia? Huo siyo ujanja, ni kukosa adabu. Ukikaribishwa nawa, subiri wakubwa waanze, mega tonge, chovya, zungusha ukate uzi, kula upande wako. Basi!

Sasa naongea kama nesi. Sembe yako nyeupe imekobolewa, pumba na kiini vimebaki mashineni. Uwele unaizidi kwa madini ya chuma. Kliniki tunawapa wajawazito vidonge vya kuongeza damu, na wavimeze. Lakini wakirudi nyumbani mnawacheka kwa ugali wa uwele, mpaka wanaona aibu kuupika. Watoto nao wanawasikia. Kesho wataukataa, mtamlaumu nani?