Kosa si nafuu ya kilo

Kumpunguzia farasi mchanga kilo anazobeba mbioni si upendeleo. Kipimo cha uzito kwa umri cha Admirali Rous, Mwingereza wa karne ya 19, hufidia mwili usiokomaa. Kasoro ni kuhesabu miaka na kusahau uzoefu: Ufaransa farasi huanza kuruka viunzi akiwa na miaka 3, kisha akivuka kwenda Uingereza anapata nafuu ileile ya asiyewahi kuruka hata kimoja. Nanyi mliotaka nafuu hiyo ifutwe kwa sababu Well Chief (2004) na Voy Por Ustedes (2006) walishinda mbio za Arkle huko Cheltenham wakiwa na miaka 5, mbona walioshindwa hamkuwahesabu? Tena hata miaka yenyewe si kipimo kamili: farasi wote wa mbio huko huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei! Hapa mjini Punia hatuna farasi, ila hesabu tunaijua. Kilo zipangwe kwa mbio ambazo farasi amekwisha kuruka pia.