HIJABU HAIJAMZUIA BINTI YAKO. ANAYEMZUIA NI WEWE!

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Ndugu zangu wa Moshi na kwingineko:

Kuna wazazi wakimwona binti kashika mpira wa kikapu wanapiga kelele: "Haramu!" Basi sikilizeni kisa hiki.

Bilqis Abdul-Qaadir, Muislamu wa Marekani, alifunga pointi 3,070 akiwa sekondari Massachusetts, akiwa na hijabu yake. Akacheza chuo kikuu na hijabu yake. Alipomaliza mwaka 2014 akataka kucheza kwa malipo Ulaya, kanuni za FIBA zikamwambia: vua, au kaa nje. HAKUVUA. Akaacha mkate wake mezani, subhanallah! Akapaza sauti pamoja na wenzake mpaka FIBA wakabadili kanuni mwaka 2017. Njia ikafunguka kwa mabinti waliokuja nyuma yake.

Mwaka huo huo wa 2014, timu ya wanawake ya Qatar ilijitoa Michezo ya Asia kule Incheon kuliko kuvua.

Sasa jiulize: hawa ndio waliopotea, au ndio wametufundisha kushikamana na dini?

Na upande wa pili tazama Somalia, mwaka 2011. Nahodha Suweys Ali Jama alitishiwa kuuawa na al-Shabab kwa kucheza kikapu. Wale wanasema vua, hawa wanasema usicheze kabisa. Wote wawili wanamnyima binti kitu ambacho Allah hakumnyima.

Utaniambia, "Sheikh, wanaume watamtazama." Fungua Surat An-Nur. Aya ya 30 inaamrisha wanaume wainamishe macho. Ya wanawake ni ya 31. Wewe umeanza na ya 31, ya 30 umeiruka!

Binti huyo huyo anapandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare mpaka Kibosho, jasho linamtoka, barabara nzima inamwona. Hujasema haramu. Anauza ndizi Mbuyuni tangu alfajiri. Hujasema haramu. Kaka yake anacheza mpira mpaka Magharibi inampita. Kimya! Haramu yako inaanza pale tu binti anapofurahi?

Mtume ﷺ alishindana mbio na mkewe Bi. Aisha, Allah amridhie. Imo katika Sunan Abi Daud.

Sisemi mlango uwe wazi bila masharti. Nguo iwe pana na yenye sitara, swala isipitwe, kusiwe na mchanganyiko wa ovyo, na kocha wa kike akipatikana ndiyo bora zaidi. Kwa hiyo mzazi, badala ya kumfungia ndani, nenda shuleni ukakae na mwalimu wa michezo, umwambie: binti yangu atacheza, na hijabu yake haivuliwi. Hiyo ndiyo kazi ya baba.

Ukimlazimisha achague kati ya dini na kipaji, siku akichagua vibaya usimlaumu peke yake.

Allah atuhifadhie mabinti zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako. Wallahu a'lam.