Gari lina miaka saba tu, mbona chini limeshaanza kuoza?

Kila Januari mosi, Kenya hufunga mlango kwa mwaka mmoja zaidi wa magari ya mtumba. Mwaka 2025 ulipoingia, gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza 2017 halikuruhusiwa tena kuletwa nchini. Kanuni ni ile ile ya miaka minane, iliyo kwenye kiwango KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Kanuni hii kila mtu anaielewa: mnunuzi, dalali, mwenye yadi, hata afisa wa mikopo benki. Na ndiyo iliyotufanya tuliite gari la Japani la miaka sita au saba "gari jipya". Wengi wanalinunua kwa akiba ya miaka, au kwa mkopo utakaolipwa kwa miaka mitatu, minne.

Halafu linapelekwa gereji kwa sababu ya mlio mdogo tu. Fundi analiingiza juu ya shimo, anamulika tochi, anamwita mwenyewe aje aone. Huku juu rangi inang'aa, ndani viti safi kabisa, saa inasoma kilomita 60,000. Huko chini bolti zimevimba kwa kutu, paipu za breki zimebabuka, na fremu inayobeba injini inamenyuka magamba kama gome la mti.

Mwenye gari anauliza swali moja: kwani si ni la juzi juzi?

Ni la juzi juzi, ndiyo. Shida ni kwamba mwaka wa kuundwa unakueleza chuma kimeishi muda gani, haukwambii kimeishi wapi.

Chumvi ya theluji

Japani ni nchi ndefu. Kusini, kule Kagoshima na Fukuoka, theluji ni kitu cha siku chache. Kaskazini na upande wa magharibi, kuanzia Hokkaido na Aomori kushuka Akita hadi Niigata, theluji hulala miezi kadhaa, na huko hakuna gari linalotembea bila barabara kumwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Hata barabara kuu zinazopita milima ya Nagano humwagiwa.

Kuna historia fupi hapa ambayo wanunuzi wetu wachache wanaijua. Zamani madereva wa maeneo hayo walifunga matairi yenye misumari ili yashike barafu. Misumari ikakwangua lami, vumbi likajaa mijini, watu wakalalamika, na mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuyapiga marufuku. Hewa ikawa safi. Utelezi ukabaki, na chumvi ikamwagwa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo gari lililokua huko tangu hapo limeoga chumvi kila msimu wa baridi.

Chumvi yenyewe haili chuma. Kinachotokea ni kwamba chuma, maji na hewa vikikutana kutu huanza, na chumvi huharakisha kazi hiyo mara nyingi zaidi. Nyingine wanazotumia, kama kloridi ya kalsiamu, hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata theluji ikishayeyuka, tope lililokwama kwenye maungio linabaki na majimaji. Sasa lichukue gari hilo, lipakie melini, literemshe Mombasa au Dar es Salaam ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Tope lile lile la Sapporo linaendelea na kazi yake hapa, tena kwa joto.

Watengenezaji wa magari wanajua habari hii. Mabati ya nje ya magari ya kisasa mengi hupakwa zinki, ndiyo maana milango na boneti hubaki safi. Vipande vya chini, yaani mikono ya magurudumu, fremu ndogo, mabano na bolti, mara nyingi hupata rangi tu. Jiwe dogo likichubua rangi, mlango umefunguka.

Na usijidanganye kwa jina la kampuni. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya kutu kwenye chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizotoka kati ya 2005 na 2010. Makubaliano yalihusu magari karibu milioni 1.5 na thamani yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Kampuni haikukiri kosa. Lakini ikiwa pikapu za Toyota zinaweza kuliwa chasisi kiasi hicho, basi ile imani yetu kwamba "hii ni Toyota, haina neno" inahitaji kupunguzwa kidogo.

Dalili zipo kwenye karatasi

Kinachoudhi ni kwamba habari hizi mara nyingi zinakuja pamoja na gari lenyewe, na hakuna anayezisoma.

Anza na karatasi ya mnada. Gari likipita mnadani Japani, mkaguzi huchora mwili wake na kuweka herufi. S ni kutu, C ni chuma kilichoanza kuliwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa. Herufi hizi zaidi ni za mwili wa nje. Ya chini ya gari huandikwa pembeni, kwenye maelezo ya Kijapani, na maneno ya kutafuta ni "shita mawari sabi", yaani kutu ya sehemu za chini. Piga picha, weka kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Wauzaji wengi hukutafsiria alama ya jumla ya mnada, ile 4 au 4.5, na kuyaacha maelezo yalivyo.

Ya pili ni cheti cha kuuza gari nje ya Japani, kile ambacho forodha wanakitaka. Mara nyingi humo kuna namba ya usajili ya zamani, na namba za Japani huanza na jina la mahali. Ukikuta Sapporo, Asahikawa, Aomori, Akita au Niigata, usilikatae gari papo hapo, ila omba picha za chini kabla ya kutuma hela. Ukikuta Fukuoka au Kagoshima, pumua kidogo. Kidogo tu, maana huo ni usajili wa mwisho. Gari laweza kuwa limehama mikoa miwili kabla ya hapo.

Halafu kuna suala la rangi nyeusi. Gari likiwa jeusi tii chini, jeusi la kung'aa hadi kwenye bolti na bomba la moshi, wengine hufurahi: "limetunzwa hili!" Wengine husema moja kwa moja kwamba ni utapeli. Ukweli uko katikati. Gereji za Japani hupaka rangi nyeusi chini ya magari kama kazi ya kawaida, hasa gari linapopelekwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili. Tatizo ni ikipakwa juu ya magamba ya kutu bila kuyakwangua. Hapo unyevu umefungiwa ndani, na kutu inaendelea kula gizani. Pitisha kidole: ukisikia mawimbi na vipele chini ya rangi, umeshajua.

Pwani inamalizia kazi

Tusiitupie Japani lawama yote. Gari lililofika safi laweza kuozea hapa hapa. Anayeishi Bamburi, Kigamboni au Unguja anapata chumvi kwa upepo wa bahari kila siku. Na kuna jambo ambalo silisikii likisemwa sana: maji ya kuoshea. Visima vingi vya Mombasa na Dar vina maji ya chumvi chumvi, na ndiyo hayo yanayotumika sehemu nyingi za kuosha magari kwa sababu ni ya bei poa. Unalipia gari lioshwe, linarudi na chumvi mpya chini ya madigadi. Uliza maji yanatoka wapi. Kama ni ya kisima, malizia kwa ndoo mbili tatu za maji baridi ya bomba.

Kutu ya mapema inatibika, na si kwa bei ya kutisha, kama fundi anatofautisha ya juu juu na inayokula. Anagonga kwa bisibisi. Chuma kikilia "ti", bado kipo. Bisibisi ikizama au ukisikia mlio mzito wa kitu kilichooza, hiyo si kazi ya rangi tena.

Ile ya juu juu, kazi ni ya kizamani: osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, acha likauke kweli kweli, hata siku mbili juani. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane. Paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha praima, kisha rangi. Ndani ya mashimo ambako brashi haifiki, ipulizwe nta. Zibua vile vitundu vya kutoa maji chini ya milango; vikiziba kwa tope na majani, mlango unajaa maji kama sufuria. Oili chafu ambayo wengine hupuliza chini inazuia maji kwa muda, lakini inalainisha bushi za mpira na inadondokea ardhini. Siipendi.

Bomba la moshi kuwa na rangi ya kahawia, au diski za breki kuwa na kutu asubuhi baada ya mvua, hiyo ni kawaida. Paipu ya breki yenye magamba, au kutu pale springi zinapokaa, badilisha, usibembeleze. Na puti juu ya tundu haikubaliki, hata kama fundi bodi ana mkono mzuri kiasi gani.

Sasa turudi kwa serikali. Kenya inahesabu miaka minane. Uganda tangu 2018 imepiga marufuku kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania haikatazi, inatoza ushuru wa ziada gari likizeeka. Nchi tatu, na zote zinasoma kalenda. Gari la miaka tisa kutoka Kagoshima linakataliwa Mombasa, la miaka saba kutoka Aomori linapita. Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha upo, ila ukaguzi wa aina hiyo hutafuta gari lililo hatari leo. Gari litakaloanza kumenyuka baada ya mvua mbili za Mombasa si kazi yake.

Na mambo yanaweza kubana zaidi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ilipeleka kwa wananchi rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazogusa hata magari binafsi yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa. Zikianza kutekelezwa kikamilifu, karibu kila gari la mtumba litakuwa limevuka umri huo siku linapoteremshwa. Mwenye mkopo ataambiwa na serikali ile ile iliyoruhusu gari liingie kwamba chini limeoza, arekebishe kwa gharama yake.

Kulazimisha kila muuzaji aambatanishe karatasi kamili ya mnada, iliyotafsiriwa, pamoja na picha za chini ya gari hakuhitaji maabara wala bajeti mpya. Picha nne kwa simu ni dakika mbili. Hadi kanuni hiyo iandikwe, ziombe mwenyewe kabla ya kulipa amana, na muuzaji akianza kuzungushazungusha maneno, yadi ziko nyingi.