Kabla ya kubadili difu ya Land Rover ya babu

Katika familia nyingi za Tanzania, Land Rover 109 si chuma tu. Ndiyo iliyomwahisha mama mjamzito hospitali usiku, ikabeba mahindi kutoka shambani, ikapeleka watu harusini na misibani. Mzee anapofariki, gari hubaki chini ya mwembe na watoto wake hubaki na swali: liuzwe, liachwe lioze, au litengenezwe liwapeleke wajukuu kijijini mwezi Desemba?

Wanaoamua kulitengeneza hukutana na lalamiko lilelile. Kwenye matope halina mpinzani, lakini kwenye lami linalia. Likikaribia kilomita 80 kwa saa, injini hupiga kelele hadi waliokaa nyuma hawasikilizani. Hapo ndipo fundi anapotoa ushauri: "Tubadili difu."

Ushauri huo una ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi familia hulipa, gari hutulia, na hakuna anayeambiwa ni mambo gani mengine yamebadilika pamoja na kelele. Baadhi ya mambo hayo yanagusa uhai wa watoto.

Namba iliyojificha nyuma

Difu ni lile bonge lililo kwenye ekseli, kati ya magurudumu. Ndani yake kuna piniani, gia ndogo inayozungushwa na propela, na krauni, gia kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Katika Land Rover za Series II na Series III, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, piniani huwa na meno 10 na krauni meno 47. Maana yake propela huzunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja.

Range Rover iliyotoka mwaka 1970 ilikuja na meno 13 kwa 46, yaani 3.54. Namba hiyohiyo ilitumika baadaye kwenye Land Rover 90 na 110 na kwenye Discovery za mwanzo. Difu za magari hayo ndizo mafundi huzitafuta kwa ajili ya 109.

Kwa tairi la kawaida la 109, lile la 7.50-16, injini yenye difu ya 4.7 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika gari likiwa gia ya nne kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa difu ya 3.54 hushuka hadi karibu 2,200. Utulivu unatoka hapo.

Kuhesabu bila kufungua nati

Gari la zamani limepita mikono mingi, na huenda mtu alishabadili difu miaka 20 iliyopita bila kumwambia mzee. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu, na chaki inatosha.

Gari huwekwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Magurudumu matatu huzuiwa kwa mawe makubwa au vipande vya gogo, mbele na nyuma ya kila tairi. Gurudumu moja la nyuma hunyanyuliwa kwa jeki, kisha ekseli hukalishwa juu ya stendi. Gia huwekwa nyutro, na kitufe cha njano cha kuingiza magurudumu ya mbele kisiwe kimebonyezwa. Mtu mmoja huchora alama ya chaki kwenye tairi, na mwingine kwenye propela.

Kisha tairi lililonyanyuliwa huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ni miwili kwa sababu tairi la upande wa pili limesimama, na difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Propela ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu na kidogo tu, hiyo ni 3.54. Ekseli ya mbele nayo huhesabiwa kwa njia hiyo.

Mtoto wa darasa la sita au la saba anaweza kuhesabu mizunguko akiwa amesimama kando, kisha akagawanya 47 kwa 10 na 46 kwa 13 kwenye daftari. Uwiano anaofundishwa shuleni utakuwa mbele ya macho yake. Lakini asiingie chini ya gari, kwa sababu ifuatayo.

Breki ya mkono haishiki tairi

Katika magari mengi madogo, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover za Series hushika propela, pale inapotokea kwenye gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa, difu huliacha lizunguke upande mmoja huku lile lililo chini likibiringika upande mwingine. Breki ya mkono inaweza kuwa imevutwa hadi mwisho na gari bado likaondoka. Zaidi ya hayo, wakati wa kuhesabu breki hiyo lazima iachiwe ili propela izunguke. Kinacholizuia gari ni yale mawe na magogo tu.

Baada ya kubadili difu, breki hiyo hupoteza nguvu. Ilikuwa ikisaidiwa na uwiano wa 4.7, sasa inasaidiwa na 3.54, yaani imepungua kwa karibu robo. Gari lililozoea kuegeshwa kwenye mteremko wa nyumbani, mahali watoto wanapocheza, huenda lisikae tena bila jiwe nyuma ya tairi.

Mshale unapodanganya

Kebo ya spidi katika magari haya hutoka kwenye gia boksi, kabla ya difu. Difu ikibadilika, mshale haujui. Unapoonyesha 60, gari kwa kweli linakwenda karibu 80. Dereva mwangalifu anayeheshimu kibao cha kilomita 50 anapita karibu na shule kwa mwendo wa 66, akiamini yuko salama na hana kosa.

Gari la kilomita 80 lina nguvu ya mwendo karibu mara 1.8 ya lile la 60, na lazima yote imalizwe na breki. Breki za 109 ni za drami kwenye magurudumu yote manne. Huko nyuma wajukuu hukaa kwenye mabenchi ya pembeni, na magari mengi ya aina hiyo hayana mikanda. Familia inayobadili difu bila kurekebisha kipimo cha spidi na bila kufungua drami zote kukagua breki imejipunguzia kelele na kujiongezea hatari.

Mlimani na matopeni

Injini ya kawaida ya lita 2.25 haikupewa nguvu nyingi. Kwa 4.7 hupanda polepole lakini hupanda. Kwa 3.54, gia ya nne huwa ya tambarare tu, na kwenye mlima gari lenye mzigo hurudi gia ya tatu au ya pili. Kwa anayekaa mjini na kusafiri kwa lami, hilo linavumilika. Kwa anayebeba magunia Ngorongoro au kupanda Lushoto, difu ya zamani bado ndiyo rafiki. Wapo wanaoiacha 4.7 na kufunga ovadraivu, kifaa cha gia boksi kinachopunguza mizunguko ya injini kwenye lami na kuzimwa mlima unapoanza.

Maswali kwa fundi

La kwanza ni aina ya ekseli ya nyuma. Kama difu inatoka kwa mbele baada ya kuchomoa shafti za magurudumu na kufungua propela na nati, kazi ni ya kawaida. Kama nyuma kuna mfuniko wa mviringo uliofungwa kwa bolti, hiyo ni Salisbury, iliyofungwa kwenye 109 nyingi za Series III. Difu yake haibebwi nzima kama sufuria, na kuipanga upya kunahitaji vifaa maalumu na fundi anayeijua.

La pili ni meno ya shafti. Za Series na za Range Rover za awali zina meno 10. Difu nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ni za meno 24, na haziingiliani na shafti za zamani.

La tatu, krauni na piniani ziwe jozi iliyozaliwa pamoja. Kuchukua moja hapa na nyingine kule ni kununua mlio mpya.

La nne ndilo zito: je, difu ya mbele nayo inabadilishwa? Ikibaki 4.7 mbele na 3.54 nyuma, siku dereva akibonyeza kitufe cha njano au kuvuta mkono mwekundu wa gia nzito, ekseli mbili zitavutana hadi kitu kivunjike. Siku hiyo mara nyingi ni ya mvua, mbali na nyumbani, gari limejaa watu.

Kikao kabla ya malipo

Ni vyema wanafamilia wakae na kuulizana gari litaishi wapi, litabeba nani na litaendeshwa na nani. Majibu ndiyo yachague difu. Kikiamuliwa kubadili, fedha ya breki na ya kipimo cha spidi itengwe siku hiyohiyo, si baadaye. Namba mpya iandikwe kwa rangi ndani ya mlango wa dereva, mbele 3.54 na nyuma 3.54, ili mjukuu atakayelirithi gari asilazimike kubahatisha.